Chupa Iliyokwenda Mavuno

Wiki iliyopita msichana mmoja wa Karagita, Naivasha, aliniletea cherehani ya mkono dukani kwangu Nakuru, ninakotengeneza vyerehani, akiwa ameibeba ndani ya gunia la sukari.

"Niaje, mathe," alisema, kisha akakumbuka adabu. "Yaani, habari ya asubuhi. Hii ilikuwa ya shosho yangu. Alituacha juzi. Nataka irudi kazi nishonee watu wa ploti, kazi ya maua pekee haitoshi."

Nilimpa kiti. Nikafungua kile kisanduku cha mbao kilicho chini ya mashine, ambamo watu huweka bobini na vifungo, na kabla sijaona chochote pua ilishanipa habari: mafuta, shaba na flaneli ya zamani. Ndani kulikuwa na kichupa cha shaba, chembamba, chenye urefu wa kidole. Kifuniko chake kilikuwa na kijiko kidogo kilichoning'inia ndani ya mafuta. Nimeshika vichupa vya namna hiyo vingi kuliko mtu yeyote ninayemjua, lakini hiki nilikishika kwa mikono miwili. Sikukigeuza kutazama kitako chake. Nilikiweka mezani, nikamwambia msichana mashine itakuwa tayari saa nane, kisha nikajifanya natafuta bisibisi.

Lazima niseme kwanza kwamba mimi hukusanya vifaa vya kusafishia bunduki za kijeshi za zamani. Bunduki zenyewe sina na sitaki. Nina vichupa vya mafuta, kamba za kuvuta ndani ya mtutu, vipande vya flaneli, brashi, na mikebe ya kuvitia. Wanawake wa rika langu wana mambo yao, wengine sufuria, wengine vitambaa vya kochi, na hakuna anayewauliza. Mimi nimeulizwa hata na polisi. Kijana mmoja wa kituoni alikuja siku moja kwa sababu jirani alimwambia nina mambo ya bunduki, akatazama kabati langu la kioo kutoka juu hadi chini, akauliza, "Sasa mama, bunduki iko wapi?" Nikamwambia sina bunduki, nina sabuni yake. Alicheka mpaka akaitisha chai.

Yote yalianzia upande wa Kuresoi, kwenye shamba lililokuwa la mzungu kabla ya wazee wetu kugawiwa, mahali ambapo ukungu hulala juu ya viazi hadi saa nne asubuhi. Nililelewa na babu na nyanya yangu, Guka na Shosho. Kwa kuwa nilipewa jina la Shosho, Nyambura, Guka aliniita bibi yake mdogo, na Shosho aliniita mke mwenza, na ugali ukiungua kila mmoja wetu alimsingizia mwenzake. Guka alikuwa amepigana vita vya wazungu kule Burma. Hilo nililijua kama nilivyojua kwamba ng'ombe wetu ana pembe moja, wala sikuwahi kufikiri kuna mtu angeweza kubisha.

Kila Jumamosi alasiri, baada ya kukama, Guka aliteremsha mkebe wa biskuti kutoka kwenye rafu. Hiyo ndiyo rafu pekee ndani ya nyumba iliyokuwa haivujiwi na mvua, kwa hiyo mkebe ulikaa ubavuni mwa Biblia ya Shosho. Guka alitandaza gunia safi uani, akakaa, akapanga vitu vyake: kichupa, kipande cha flaneli, na kamba yenye kijiti cha shaba upande mmoja na vitanzi upande mwingine. Halafu aliegemeza ukutani kipande cha bomba la maji alichokitoa kwenye nyumba ya mzungu. Bunduki yake aliirudisha vita vilipokwisha, kama walivyoamriwa. Bomba ndilo lililokuwa bunduki yetu.

Alifungua kichupa, akatoa tone moja kwa kile kijiko, akalipakaza kwenye flaneli. Alikunja kitambaa ndani ya kitanzi kwa namna ambayo ilinichukua miezi kuielewa, kikawa kinene vya kutosha kujaza bomba lakini si kinene cha kukwama. Akaachilia kijiti cha shaba kiteremke ndani ya bomba, akakipokea chini, akavuta. Alivuta mara moja tu, kwa mkono ulionyooka, bila kusimama na bila kupumua.

"Ukisimama katikati umeaibisha kikosi," aliniambia. "Na kamba isiguse mdomo wa mtutu. Ikigusa kila siku, inakula chuma. Halafu risasi inaenda kwa jirani."

Kisha aliliinua bomba juu akachungulia, akanipa nami nichungulie. Niliona duara la anga, dogo na safi, na nilijisikia nimepewa kitu kikubwa sana.

Sasa, mtoto huelewa kwa kile alichonacho. Katika kanisa la Shosho wazee waliombea wagonjwa kwa kuwapaka mafuta kwenye paji la uso, tone moja tu, kutoka kichupa kidogo. Kichupa cha Guka kilikuwa kidogo. Alitoa tone moja. Alinyamaza wakati wa kulitoa. Kilikaa karibu na Biblia. Na kwenye kitako chake kulikuwa na alama tatu zilizochorwa kwa tupa, zimepangwa sawasawa, ambazo mimi nilizisoma bila shida yoyote kuwa ni Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Guka hakuwa mtu wa kanisa. Niliamua kwamba hiyo ndiyo ibada yake, na kwamba mafuta yale yalikuwa ya Mungu, yeye amewekeshwa tu.

Mnaokumbuka Jumapili ya mavuno mnajua mambo yake. Watu huleta kabichi, viazi, kuku aliyefungwa miguu, mtungi wa maziwa, na baada ya ibada vyote hunadiwa nje ya kanisa. Mwaka ule mwalimu wetu wa shule ya Jumapili alituambia kila mtoto amrudishie Mungu kilicho cha Mungu. Mimi nilipewa viazi vinne nipeleke. Watoto wa Mzee Njuguna, jirani yetu aliyekuwa karani wa ushirika na hakutuacha tusahau, walikuwa na jogoo. Nilivitazama viazi vyangu, nikaona aibu. Asubuhi ile Guka alikuwa ameenda kutafuta ndama aliyepotea. Nilipanda juu ya kigoda, nikafungua mkebe, na nikatia kichupa ndani ya kikapu chini ya viazi.

Mnadani shemasi alikiinua juu kwa vidole viwili. "Hii nayo ni nini, jameni?" Watu wakacheka. Shosho hakuona, alikuwa jikoni akipakua wali. Dereva mmoja wa lori, mnene, mwenye kofia nyekundu ya sufu, aliyekuja kupakia viazi vya kupeleka Naivasha, alikichukua akakifungua, akanusa. "Mimi nakitaka. Bibi yangu anashona, ataweka mafuta ya cherehani." Nilishangaa kidogo kwamba mchungaji hakukiweka kanisani, lakini sikujali sana. Shemasi alisema kichupa cha mtoto yule kimeshinda kabichi zote. Nilitembea kurudi nyumbani kifua mbele.

Siku chache baadaye chifu aliita baraza. Alisoma barua: wazee wote waliopigana vita vile wakutane Nakuru mwezi wa kumi na moja, wawakumbuke wenzao waliokufa, na majina yao yaandikwe upya kwenye daftari. Kila mmoja aje na kitu cha kuonyesha kwamba alikuwa askari: karatasi, nishani, chochote. Guka alisimama kwa furaha. Karatasi zake ziliungua na nyumba yake ya kwanza, na nishani hakuwahi kuletewa, lakini alisema, "Mimi ninayo chupa yangu."

Mzee Njuguna aligeuka kwenye benchi. "Wewe si ulikuwa unapikia askari maharagwe? Hata sufuria inaweza kuwa ushahidi." Baraza zima lilicheka. Guka alicheka pia, lakini masikio yake yalibadilika rangi, na mimi niliyekuwa nimekaa miguuni pake niliyaona.

Jioni ile alifungua mkebe. Nilimwona akitoa kamba, akatoa flaneli, akaupindua mkebe na kuupiga kitako. Alitafuta nyuma ya Biblia. Alitafuta chini ya kitanda, kwenye viatu, ndani ya debe la unga. Alimuuliza Shosho, Shosho akamwambia atazame alipoacha akili zake. Niliingia kitandani nikiwa nimeshavuliwa ule ushindi wote. Hakuna aliyeniambia nimekosa, lakini nilikuwa nimekwishajua.

Asubuhi nilimfuata zizini nikamwambia. Nilimweleza habari za tone moja, Biblia, na zile alama za Utatu. Guka aliacha kukama. Alinitazama, akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ubavu wa ng'ombe asianguke.

"Bibi yangu mdogo! Umempatia Mungu mafuta ya bunduki!"

Nilicheka naye, nikidhani mambo yamekwisha. Lakini kicheko chake kilikatika. Alipangusa macho kwa mkono wa koti.

"Zile si za Utatu," alisema. "Ni Kamau, ni Otieno, ni Mutua. Tulikuwa wanne kwa hema moja. Mimi ndiye nilirudi. Kila mtu alikuwa anawekea wenzake alama, na yeye pia awekewe na mwenye atabaki na chupa." Akashika tena chuchu za ng'ombe, lakini maziwa hayakutoka. "Sasa nitaenda Nakuru na nini? Njuguna atasema nini?"

Nililia. Kisha nikasema nitakitafuta. Yeye alisema sawa, kama watu wazima wanavyomwambia mtoto sawa, na hapo ndipo nilipokasirika. Nilikuwa mtoto mwenye hasira nzuri, na sijawahi kuiacha.

Dereva wa kofia nyekundu hakurudi. Madereva wengine wa viazi walisema wanamjua, au walimjua, au amehamia kazi nyingine. Naivasha kwangu ilikuwa mbali kama Burma. Nikaenda kwa Baba Onyi, mtu aliyepita vijijini na mkokoteni wa punda akinunua vyuma vikuukuu, na aliyekuwa na lundo lake karibu na soko. Nilimchorea kichupa mchangani.

"Hii naijua," alisema. "Ni brasi. Brasi yote ya huku inapita kwangu. Lakini mimi sina macho ya kutafuta kwa lundo. Wewe nichambulie, brasi huku, kopa huku, aluminiamu kule. Ukipata chako, chukua."

Jumamosi ya tatu nilikipata. Nilikimbia hadi nyumbani bila kuvuta pumzi, nikampa Guka mkononi. Alikigeuza. Kitako kilikuwa laini.

"Si yenyewe," alisema. Halafu, polepole, akakinusa, akachungulia ndani, akasugua herufi zilizogongwa kwenye shaba. "Lakini ni ndugu yake. Huyu mtu alikuwa mchafu. Ona kijiko kimepinda. Alikuwa anachokonolea meno."

Hapo ndipo ugonjwa uliponishika. Nilianza kutazama watu mikononi. Na nikagundua jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yetu siku zote: nusu ya vyombo vya ugoro vya wazee wa milima ile vilikuwa vichupa vya bunduki. Kijiko kilichokuja na kifuniko kilifaa ugoro kana kwamba kilitengenezwa kwa ajili yake. Nilikuwa na kuku mmoja mwekundu, wangu mwenyewe, aliyetaga vizuri. Nilikwenda kwa bibi kizee mmoja ng'ambo ya mto na mayai sita, nikamwomba chupa yake.

"Na ugoro nitaweka wapi, mtoto wa wenyewe?"

Nilikuwa nimemletea kichupa cha dawa chenye kifuniko kizuri cha buluu. Akanipa. Njiani kitako nilikipapasa kwa kidole gumba. Kilikuwa laini.

Kamba nazo zilikuwa zimejificha. Fundi wa mawe aliyekuwa akijenga darasa jipya shuleni alikuwa na timazi ya ajabu, uzi wenye kijiti chembamba cha shaba, na mimi nilikijua kijiti kile nilipokiona kikining'inia pembeni mwa ukuta. Nilikaa hapo kutwa nikimpokeza mawe. Jioni tulibadilishana: yeye akachukua nati kubwa kutoka kwa Baba Onyi, mimi nikachukua kijiti. Ukuta ule umesimama mpaka leo, kwa hiyo sidhani kama nilimdhulumu.

Kila nilichokileta Guka alikipokea kwenye gunia lake uani. Tulichemsha vichupa vya ugoro mpaka sisi wote watatu tukapiga chafya na Shosho akatishia kuhama. Tulikata washa mpya za vifuniko kutoka ngozi ya kiatu, tukavitia vichupa mafuta mapya. Guka alisuka kamba, akanifundisha kufunga vitanzi. Kila mara aligeuza kitako kwanza, akasema si yenyewe, na kila mara alilisema kwa sauti nyepesi zaidi. Lakini nilimwona Jumamosi moja akiwa peke yake, amekaa na vichupa tisa mbele yake, anapapasa vitako vyote tena kimoja baada ya kingine, kana kwamba alama zinaweza kuota.

Ilipofika siku ya safari nilikuwa na vichupa kumi na kimoja na kamba sita, na cha Guka hakikuwamo. Kuku wangu mwekundu naye alikuwa ameondoka, nilimtoa kwa kile cha kumi na moja. Guka alivaa koti lake zito, akaweka mkebe wake kwapani ukiwa na kamba na flaneli peke yake. Mimi nilibeba gunia. Tulipanda nyuma ya lori la viazi, na Mzee Njuguna naye akapanda, kwa sababu chifu alimtuma kuwasindikiza wazee. Njia nzima aliuliza kama tumebeba maharagwe.

Uwanjani Nakuru kulikuwa na hema na wazee kama hamsini, wengine na nishani zinazong'aa, wengi wakiwa na makoti tu. Mbele ya hema alikaa mzee mrefu aliyekuwa sajini zamani, mgongo wake bado umenyooka, na daftari mezani. Foleni ilisogea. Waliokosa cha kuonyesha walisimama pembeni wakitazama viatu vyao, na walikuwa wengi.

"Ulikuwa wapi?" Sajini alimuuliza Guka.

"Burma."

"Una nini?"

Gunia lilikuwa begani mwangu. Angeweza kuingiza mkono atoe kichupa chochote, na hakuna mtu duniani ambaye angejua. Nilimsukuma kiunoni afanye hivyo. Hakufanya.

"Nilikuwa na chupa yangu ya mafuta," alisema. "Ilienda mavuno."

Watu wakacheka. Nyuma yetu Njuguna alisema, si kwa sauti ndogo, "Mimi nilisema." Sajini akainua kalamu kuelekeza pembeni, kwa wale waliotazama viatu.

Sikumbuki kuamua lolote. Nakumbuka tu sauti ya shaba juu ya meza. Niligeuza gunia kichwa chini na vyote vikamwagika juu ya daftari, vichupa kumi na kimoja na kamba zote, vikabiringika mpaka kwenye mapaja ya Sajini.

"Ni mimi nilipoteza yake!" nilipiga kelele. "Hizi ni zile nimepata nikiitafuta! Yeye si mpishi!"

Sajini aliokota kichupa kimoja. Alikifungua, akakisogeza puani, akafumba macho. Wazee walianza kusogea, kwanza wawili, halafu wote, pamoja na wa pembeni. Mmoja alishika kamba akaanza kuipitisha vidoleni.

Sajini akafumbua macho. "Chupa mtu anaweza kuokota," alimwambia Guka. "Kazi haiwezi kuokotwa. Nionyeshe."

Guka alitazama huku na huku. Kwenye nyasi kulikuwa na nguzo ya hema iliyobaki, bomba tupu la chuma. Alinipa niishike imesimama. Alifungua mkebe wake, akatoa flaneli, akatia tone moja kutoka kichupa kimoja cha mezani. Vidole vyake vilivyokuwa vinatetemeka nyumbani akishika kikombe vilitulia kabisa. Akakunja. Akaachilia kijiti, nikakisikia kikiteremka na kugonga chini, nikainua nguzo akakitoa. Akasimama wima, akanyoosha mkono, akavuta. Kamba ilipita moja kwa moja, bila kusimama, na kitambaa kikatoka upande wa pili chekundu kwa kutu.

Sajini aliondoka mezani. Aliichukua nguzo akachungulia anga. Kisha akafanya kitu ambacho askari wale tu, na mimi, tulikielewa: alipitisha kidole mdomoni mwa bomba, kuzunguka, akatazama kama kamba imesugua chuma upande wowote. Haikuwa imesugua.

"Mpishi hafundishwi hii," alisema kwa sauti ya kiwanja kizima. Akainama, akaandika jina la Guka, akaligeuza daftari ili Njuguna alione vizuri. Njuguna alivua kofia. Najua si vizuri kufurahia aibu ya mtu mzima, lakini nilifurahia, na bado nafurahia.

Halafu Sajini akawatazama wale waliokosa cha kuonyesha. "Nyinyi, kuja mmoja mmoja. Shika. Kunja." Walikuja, na mikono ikakumbuka. Wengine walivuta vibaya, wengine walilia wakivuta, lakini walijua, na majina yao yakaandikwa. Kila aliyemaliza alibaki na kichupa mkononi, hakukirudisha mezani, mpaka vyote kumi na kimoja vikaisha.

"Hizi vifaa ni za nani?" Sajini aliuliza.

"Za huyu bibi yangu mdogo," alisema Guka.

"Basi huyu ndiye mkuu wa stoo. Mstari! Afande anakagua."

Wazee hamsini walijipanga. Mimi, mtoto wa miaka kumi mwenye gauni lililofupika, nilitembea mbele yao kutoka mwisho hadi mwisho, na kila mwenye kichupa alifungua kifuniko akanionyesha kijiko. Nilimrudisha mmoja kwa uchafu. Alisema, "Ndiyo afande," akakipangusa kwa shati. Nimeishi mengi tangu siku hiyo, nimeolewa, nimejenga, nimefungua duka, na bado sijawahi kuwa mkubwa kama nilivyokuwa asubuhi ile.

Waliandamana hadi makaburini vichupa vikiwa kwenye mifuko ya kifua, upande wa kushoto. Jioni nilipoanza kuvikusanya Guka alinishika bega. "Waachie," alisema. Nikawaachia. Nilirudi Kuresoi na gunia tupu, bila kuku, na Njuguna ndiye aliyelibeba lile gunia.

Mnaona basi kwa nini nilianza upya, na kwa nini sijaacha. Lakini jambo ambalo sikulitarajia ni kwamba vile kumi na kimoja vilirudi. Wazee walipofariki, mmoja mmoja, watoto au wajukuu wao walikuja kunitafuta, wengine mpaka dukani, wakiwa na kichupa kwenye bahasha. "Mzee alisema hiki kirudishwe kwa afande." Vyote viko kwenye kabati langu leo, pamoja na vingine vingi. Guka alipofariki nilisimama kaburini mikono mitupu. Wenzake kumi na mmoja walikuwa na chupa, yeye hana, na hapakuwa na mahali pa kumwekea alama.

Saa nane msichana wa Karagita alirudi. Mashine ilikuwa inakimbia vizuri. Nilimuuliza babu yake alikuwa akifanya kazi gani.

"Guka? Alikuwa dereva wa malori. Wanasema alikuwa anabeba viazi kutoka huko juu. Mimi sikumpata, lakini kofia yake nyekundu shosho aliweka mpaka ikaliwa na panya."

Nikakigeuza kichupa.

Nilipiga kelele ambayo watu wa duka la pili walikuja kuisikiliza. Nilicheka, nikalia, nikamkumbatia mtoto wa watu aliyekuwa hajui amefanya nini. Nikamwambia matengenezo ni bure, mafuta ni bure, na akitaka kujifunza kushona kola mlango uko wazi, mradi aniachie hiki. Alisema, "Chukua tu, mathe, ni kichupa." Kisha akainama, akatazama kitako.

"Hii mistari ni ya nini?"

"Si mistari. Ni watu."

"Watatu?"

Mtu yeyote anayekusanya vitu vya zamani atakuambia usithubutu kuvikwaruza. Nilifungua droo nikatoa tupa yangu ndogo kuliko zote, nikakibana kichupa mezani, nikapima nafasi kwa kucha, na nikavuta mara moja, bila kusimama.

"Wanne," nikamwambia.